Riwaya ya Mhamaji Haiko Ng'ambo Peke Yake

Imeota mizizi katika vyumba vya mihadhara dhana ya kuwa riwaya ya jamaa iliyohamia ugenini, ikaishi baina ya mila mbili, ni mali ya miji ya Ulaya. Abdulrazak Gurnah alipotunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2021, dhana hiyo ilizidi nguvu: mhamaji akawa ni Mzanzibari aliyefika Uingereza, basi. Heshima ya Gurnah haina ubishi, na Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya mwaka 2022, ni fahari ya Kiswahili. Lakini kosa la wasomaji lisitiwe katika hesabu ya mwandishi.

Na itazamwe Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, uliomegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012. Katika nchi hiyo ya pamba na ng'ombe malisho yalipopungua, jamaa nyingi za Kisukuma ziliswaga mifugo yao hadi bonde la Rukwa na nyanda za Usangu. Huko mtoto husema Kisukuma na mamaye, Kiswahili na mwalimu, na lugha ya wenyeji na wachezaji wenzake. Baba akitaja kwao, hutaja Bariadi. Mtoto akitaja kwao, hutaja Usangu. Riwaya yataka nini zaidi?

Watasema wapinzani kwamba hao hawakuvuka mpaka wa nchi. Hoja hiyo ni dhaifu. Mpaka wa mila hauna askari wa forodha. Wahenga walinena: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa walishika jembe miaka mingi, na ugeni haukuwatoka. Mwaka 2006 na 2007 serikali iliwaondoa wafugaji Usangu ili kuyanusuru maji ya Ruaha Mkuu, na wengi wakaelekezwa Lindi. Maji yalistahili kulindwa. Ila amri huhesabu ng'ombe, haielezi jinsi mtoto anavyong'olewa mahali alipozaliwa akaambiwa si kwake. Hiyo ni kazi ya riwaya.

Aniceti Kitereza wa Ukerewe alikamilisha hadithi yake kwa Kikerewe mwaka 1945. Kwa Kiswahili ilichapwa mwaka 1980. Miaka 35 ya kungoja yatosha kuwa aibu ya kale, isifanywe desturi. Mwanafunzi atafutaye mhamaji wa kumwandika asikimbilie London kabla ya kuuliza habari za Bariadi.