Wito kwa Watu wa Kibera na Kawangware

Enyi ndugu zetu wa Kibera na Kawangware, wazee kwa vijana, na hasa nyinyi mnaoishi kwa rangi na brashi:

Tume ya Jaji Philip Waki, iliyochunguza fujo zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, iliandika bila kificho kwamba miongoni mwa waliowanajisi raia walikuwamo askari waliopewa dhamana ya kuwalinda. Na tarehe 10 Desemba 2020 Mahakama Kuu ikaamuru wanne kati ya walionusurika wanane waliofungua kesi kuhusu unajisi huo walipwe fidia ya shilingi milioni 4 kila mmoja. Hata hivyo, mwanamke aliyedhulumiwa na mwenye sare, atakapo kushtaki, hana budi kupita chini ya nembo ile ile aliyoiona kofiani mwa mdhalimu wake, yenye maneno “Utumishi kwa Wote”. Ni nani atakayestaajabu akighairi mlangoni?

Wala si kituo cha polisi peke yake. Nyayo House, ambamo katika miaka ya 1980 watu waliteswa katika vyumba vya chini ya ardhi, ingali yaitwa kwa kaulimbiu ya utawala uliowatesa, na raia wapanga foleni humo kuomba pasipoti kana kwamba hapakuwa na neno.

Sanaa yaweza kuzikabili alama hizi za mateso. Katika siku za fujo zile za baada ya uchaguzi, Solomon Muyundo, maarufu kwa jina la Solo 7, alizunguka Kibera akiandika wito wa amani katika kuta na mabati, ilhali hana silaha ila rangi.

Basi twawaomba mambo matatu. Kwanza, kila kikundi cha wasanii kiketi na waliodhulumiwa kabla ya kuchora, kisikilize, kihifadhi siri zao, na asilazimishwe mtu kusimulia. Pili, tuandike ombi la pamoja, kama Ibara ya 37 ya Katiba inavyoturuhusu, kwamba dawati la jinsia la kituo cha polisi lipewe mlango wake mbali na nembo ya polisi, na jina watakalolichagua walionusurika. Tatu, ukumbi wala njia ya mtaani isipewe jina la mtu kabla ya kuwauliza waliowahi kuumizwa naye.

Wapo watakaosema kwamba rangi haimtii mhalifu gerezani. Ni kweli, na kesi ziendelee. Lakini haki inayomtaka mtu ainamie kwanza alama ya aliyemtesa imekwisha kumfukuza kabla hajanena. Wenye kalamu waandike ombi, wenye brashi wachore, na sisi sote tutie sahihi.