NANI ASTAHILI KUTIBIWA BILA KULIPA?



Mwaka 2023 Bunge letu lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Sheria hiyo yataka kila mkaaji wa nchi awe na bima, na kwa wasio na uwezo imeweka mfuko wa kuwagharimia. Jambo hili ni jema, wala sidhani yuko mtu wa Bukoba au Muleba atakayelipinga. Lakini liko swali: asiye na uwezo ni nani, na nani atamtambua?

Swali hili si jipya. Sera ya Afya ya mwaka 2007 ilisema kwamba wajawazito, watoto walio chini ya miaka mitano, na wazee wa miaka 60 na zaidi wasiojiweza watibiwe bila malipo. Mtoto mchanga na mama mjamzito hutambulikana kwa macho. Umaskini hautambulikani hivyo, hasa kwetu. Mgeni apitaye njia ya kutoka Muleba mpaka Bukoba huona migomba na mibuni kila upande, akadhani kila nyumba ina neema. Hajui kwamba ndizi hushibisha tumbo lakini hazinunui dawa, na kwamba fedha ya kahawa ni ya msimu tu. Tena hajui kuwa ndani ya kibanja kile yumo bibi ambaye watoto wake wa kumtunza walichukuliwa na UKIMWI, maradhi yaliyogunduliwa mara ya kwanza nchini mwetu hapa Kagera, mwaka 1983.

Anayeyajua hayo ni jirani. Kwa hiyo naona ni haki utambuzi uanzie kijijini. Sheria ya Mfuko wa Afya ya Jamii ya mwaka 2001 ilitaka halmashauri ya kijiji ipendekeze watu wa kusamehewa mchango; na mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini nao ulipitia mkutano wa kijiji.

Wako wasemao kwamba kijijini kuna upendeleo. Ni kweli, upo. Lakini upendeleo hustawi mkutanoni penye watu kumi, na hupata shida mkutanoni penye watu mia mbili. Wazazi wetu wasipokwenda, wasilaumu orodha itakayotoka.

Tena iko aibu. Ni vigumu kwa mtu mzima kusimama mbele ya watu akasema, "Mimi sina." Basi jirani na amsemee. Kumsemea mnyonge si kumdhalilisha. Kunyamaza akafa na homa ndiko kumdhalilisha.

Nasi wanafunzi tuna kazi. Wazee wengi hawana cheti cha kuzaliwa, na asiye na cheti huambiwa umri wake haujulikani. Tukae nao tuwaulize. Mzee akumbukaye kwa macho yake sherehe za Uhuru wa mwaka 1961 amekwisha kupita miaka 60, bila shaka yoyote. Tumwandikie maelezo hayo, tumsindikize kwa mtendaji wa kijiji, na tumsomee matangazo yabandikwayo ofisini.

Serikali yaweza kutunga sheria na kutafuta fedha. Lakini haiwezi kujua ni jiko la nani halikuwashwa jana. Hilo twalijua sisi, na tusiposema, bima ya maskini itachukuliwa na wenye sauti.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne