Umeziba Kompaila Mdomo, Halafu Unasema Umefix

Leo niko na hasira kidogo na lapi iko asilimia 40, kwa hivyo salamu ndefu tutafanya siku ingine.

Kuna tabia imeingia kwa mbogi ya wanaojifunza programu huku kwetu Kalobeyei, na najua Nairobi na Mombasa iko pia, msijifanye. Kompaila ikitoa kosa, hakuna anayeuliza inasema nini. Tunauliza tu itanyamaza aje. Unakopi namba ya kosa, unatafuta, unapesti mstari wa kwanza uliokutana nao. Nyekundu ikipotea unapiga picha ya skrini, unaweka status: imefix! Nimefanya hivyo miaka, na imenikula nusu ya malipo, ndiyo maana naongea.

Kazi ilikuwa hivi. Jamaa mmoja, simtaji, alikuwa na stoo yenye mzani wa kielektroniki. Laibrari ya kusoma huo mzani iliandikwa kwa C++ ya zamani na aliyeiandika hapatikani. Yeye alitaka dirisha jipya la C#, zuri, lenye rangi. Tulikuwa watatu: mimi, beshte yangu Mkongo, na mwingine wa Sudan Kusini. Lapi moja, RAM 4GB, umeme wa sola. Tukasema hii ni wiki moja tu.

Sasa elewa shida iko wapi. C# ni msimbo (sisemi kodi, watu wa KRA watulie) unaosimamiwa. Ukiunda kitu hukifuti wewe. Kuna mzoa taka anapita, anaangalia kitu gani hakitumiki tena, anakibeba. C++ ya kawaida haina msimamizi. Umeunda kwa `new`, utafuta kwa `delete`, ukisahau ni shauri yako. Microsoft walitengeneza daraja la kuunganisha hizi dunia mbili, linaitwa C++/CLI. Lilikuja na Visual Studio 2005, na Desemba mwaka huo likapewa kiwango rasmi, ECMA-372. Ndani ya faili moja unaandika `ref class`, ya kusimamiwa, na `class` ya kawaida, ya kujitegemea.

Tukaandika zote mbili. `Mzani` ilikuwa `ref class`, ndiyo C# ingeongea nayo. `Msikilizaji` ilikuwa klasi ya kawaida, kwa sababu laibrari ilitaka kitu cha C++ cha kuita kila uzito ukibadilika. Ndani ya Msikilizaji tukaweka `Mzani^`, ndiyo ajue atampelekea nani habari. Kompaila ikakataa: C3265, huwezi kuweka kitu kinachosimamiwa ndani ya kisichosimamiwa. Sawa, tukageuza, tukaweka Msikilizaji mzima ndani ya Mzani. Ikakataa tena: C4368, aina mchanganyiko haziruhusiwi.

Hapo ndipo wengi wenu mnaanza kutukana Microsoft. Tulieni kwanza, kwa sababu sisi wa huku tungepaswa kuelewa hili jambo kuliko mtu yeyote.

Mzoa taka habebi takataka tu. Vitu vilivyobaki anavisongeza pamoja ili nafasi isiachwe mapengo mapengo. Maana yake, kitu chako kinaweza kuhamishwa wakati wowote, na anwani yake ya memori ibadilike bila wewe kuambiwa. Kalobeyei ilipofunguliwa 2016, kuna watu walitoka Kakuma wakaja huku. Ukimtafuta mmoja wao kwa zone na block yake ya zamani, unabisha mlango wa mtu mwingine kabisa. Lakini namba ya simu inamfuata. Enzi za Bamba Chakula hela ya chakula ya WFP ilikuwa inaingia kwa laini ya simu, haikuuliza umelala wapi. Basi, pointa ya kawaida, ile ya `*`, ni mahali pa nyumba. Alama ya `^` ni namba ya simu. Na klasi ya kawaida ya C++ inaishi mahali mzoa taka hafiki kuangalia. Ukimpa hiyo klasi `^` aiweke mfukoni, mzoa taka hatajua kuna mtu anaitegemea, na akihamisha kitu hatakuja kurekebisha namba.

Kwa hivyo kompaila haikuonei. Inakuuliza kitu kimoja: hii memori ni ya nani, na nani ataifuta? Ni swali la heshima sana kwa kweli. Sisi tulilijibu kwa kopi-pesti.

Tukapata `gcroot`. Unaleta `vcclr.h`, unaandika `gcroot<Mzani^> mzani;`, na C3265 inakufa papo hapo. Na si dawa ya uongo: gcroot inaandikisha kitu chako kwenye daftari la msimamizi, kisha klasi ya C++ inashika namba ya ukurasa. Kwa C4368 tukaweka pointa, `Msikilizaji*`, tukaunda kwa `new`, na kuifuta tukaiweka kwa `!Mzani()`, ile inayoitwa mzoa taka akija. Nyekundu zote zikapotea. Mkongo akasema "bon, iko sawa", tukatuma.

Saa hii hata mtoto wa darasa anaweza kuona tulichofanya. Mzani anamshika Msikilizaji, na atamfuta siku yeye mwenyewe atakapobebwa na mzoa taka. Msikilizaji naye amemuandikisha Mzani kwenye daftari, na kitu kikiwa kwenye daftari hakibebwi kamwe. Kila mmoja anamngoja mwenzake afe kwanza. Hakuna anayekufa. Kwa stoo walikuwa wanafungua lile dirisha na kulifunga siku nzima, kila mara jozi mpya inazaliwa. Mbaya zaidi, memori kubwa ilikuwa upande wa C++, ambao mzoa taka hauoni. Yeye anaona karatasi moja tu, kumbe nyuma ya karatasi kuna gunia. Hana haraka ya kupita. Mchana kompyuta ya stoo ilikuwa inakokota, jioni ikaganda na wateja wako laini.

Juu ya hiyo, majina. Tulibadilisha `String^` kuwa `std::string` kwa `marshal_as`, kwa sababu ndiyo jibu la kwanza tuliloona. Hiyo njia inapitisha herufi kwa jedwali dogo la Windows, na herufi isiyo kwenye jedwali inageuka alama ya kuuliza. Majina ya Kilatini yalipita sawa. Mteja aliyeandikwa kwa Kiarabu akatoka `?????`. Wewe fikiria uko Kakuma, Msudani amesimama mbele yako, risiti inasema yeye ni alama tano za kuuliza. Dawa ilikuwa neno moja, `std::wstring`. Neno moja, bana.

Jamaa akakataa kutoa nusu ya pili. Nilimkasirikia wiki mbili hivi. Alikuwa na haki.

Sasa nije kwa watu wawili ninaowatafuta leo. Wa kwanza ni mwalimu, na wako wengi, anayetuambia mambo ya memori ni ya watu wa Ulaya, nyinyi wa huku HTML inawatosha mpate cheti. Mzee wangu, kwa heshima, hapana. Kando ya Ziwa Turkana kuna kampasi ya Startup Lions iliyochorwa na Francis Kéré, ina minara mirefu ya kutoa hewa moto, wazo lililotoka kwa vichuguu vya mchwa vya hapa hapa. Mtu alikubali kufikiria kwa bidii kuhusu joto la Turkana. Na sisi tukubaliwe kufikiria kwa bidii kuhusu RAM. Tena mwenye mashine ya 4GB ndiye anayehitaji hii elimu kuliko mwenye 32.

Wa pili ni wewe unayesema, "Si AI itafix?" Itafix nini? Ukiipa C3265 peke yake itakupa gcroot, na itakuwa imejibu swali lako sawasawa. Hukuiambia nani anamiliki nani, kwa sababu wewe mwenyewe hujui. Halafu majibu mengi yaliyoko huko nje ni ya kabla ya 2005, yale ya `__gc`. Ukiyapesti kwa faili ya leo unazaa makosa mengine, na hayo pia unaenda kuyazima moja moja kama mishumaa.

Wengine watasema basi achana na C++/CLI kabisa. Hapo nakubaliana nusu. Laibrari ikiwa na funkisheni chache za kawaida za C, tumia `DllImport` uende nyumbani, maisha ni mafupi. Lakini ikiwa imejaa klasi na inataka kukuita yenyewe, kama ule mzani, utahitaji daraja. Daraja lenyewe liwe jembamba: faili moja au mbili, si mradi mzima.

Tulirudi tukaandika upya, bila malipo, kwa ukaidi tu. Tuliweka `~Mzani()`, ambayo upande wa C# inageuka kuwa `Dispose`, na dirisha likifungwa linaiita. Hatungoji tena mzoa taka aamue. Ndani ya Msikilizaji tukaweka `gcroot<WeakReference^>`, yaani namjua Mzani lakini simzuii kuondoka. Mistari kumi na kitu. Siku nne zilienda kwa kuchora kwenye karatasi nani anamshika nani, na hakuna status ya kuweka hapo, karatasi haina nyekundu wala kijani.

Kwa hivyo ukinitumia picha ya skrini tena, usinionyeshe kompaila imenyamaza. Fungua Task Manager, fungua dirisha lako na ulifunge mara 200, subiri, halafu unitumie ile namba ya memori ya kabla na ya baada.