Huo Si Utani

Kuna neno letu moja ambalo tunaomba lisitumike tena kuwatetea ultra wa Italia, nalo ni utani. Kila mchezaji mweusi anapopigiwa sauti za nyani uwanjani, hawakosekani Waswahili wenzetu humu ughaibuni wa kutuambia tusiwe wepesi wa kuudhika. Eti mpira una utani wake, mbona Simba na Yanga wanakebehiana tangu enzi za babu zetu! Hoja hii tunaipinga, na inatuuma zaidi kwa kuwa wanaoitoa wanajua vizuri maana ya neno lenyewe.

Tukumbushane. Tarehe 1 Septemba 2019, Romelu Lukaku, mtoto wa wazazi waliotoka Kongo, akiwa ndiyo kwanza amehamia Inter Milan, alikwenda kupiga penalti katika uwanja wa Cagliari. Sauti za nyani zikaanza jukwaani. Akafunga, na Inter ikashinda 2-1. Siku chache baadaye Curva Nord, yaani ultra wa Inter yake mwenyewe, wakamwandikia barua ya wazi. Ungedhani ni ya pole. La hasha! Walimweleza kuwa ule haukuwa ubaguzi bali mbinu ya kumvuruga mpinzani, kuwa wao wenyewe wamewahi kuitumia kwa wachezaji wa timu nyingine na huenda wakaitumia tena, na kuwa akilalamika anawapa wakubwa kisingizio cha kuwakandamiza mashabiki. Cagliari haikuadhibiwa.

Sasa tuutazame utani. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali karne ya 19, na leo ni watani. Mtani atakwambia lolote, nawe una ruhusa ya kumrudishia lile lile, na ukifiwa atakuja kukuchekesha na kushika jembe la kaburi. Yanga ya 1935 na Simba ya 1936 ni watani wa jadi kwa maana hiyo hiyo: baba ni wa Jangwani, mama ni wa Msimbazi, na chakula kinapakuliwa sufuria moja (siku ya kufungwa, kweli, kinaliwa kimya kimya). Je, anayeambiwa na jukwaa zima kwamba yeye si mtu, arudishe neno gani?

Wala hatusemi ultra wote ni wahuni, kama magazeti yanavyopenda kuandika. Ndio wanaoimba dakika 90 timu ikiwa imeshalala, ndio wanaokesha wakipaka rangi mabango, na ndio wanaobishana na matajiri juu ya bei ya tiketi. Kule Ujerumani mashabiki walitupa mipira ya tenisi uwanjani wiki baada ya wiki, hadi Februari 2024 ligi ikaachana na mpango wa kumwuzia mwekezaji sehemu ya mapato ya matangazo. Hao tunawavulia kofia. Na hata Curva Nord, Lukaku aliporudi San Siro na jezi ya Roma tarehe 29 Oktoba 2023, walijiandaa kumpokea kwa maelfu ya filimbi. Filimbi zikapigwa marufuku. Sisi tungeziruhusu zote, kwa sababu filimbi ile ilikuwa ya alichokitenda, yaani kuwakimbia. Sauti ya nyani ni ya alivyozaliwa.

Na ule ukandamizaji walioutabiri? Septemba 2024 polisi wa Milan waliwakamata viongozi wa majukwaa ya Inter na AC Milan kwa tuhuma za genge la uhalifu na kutoza watu fedha kwa nguvu. Hapo hatuoni malalamiko ya Lukaku yameingiaje.

Wanaoendelea kutuambia ni utani watufafanulie jambo la Turin, Aprili 2023. Lukaku alizomewa tena kwa rangi yake na mashabiki wa Juventus, akafunga penalti dakika za nyongeza, akapiga saluti na kuweka kidole mdomoni. Mwamuzi akamwonyesha kadi ya pili ya njano, akatoka nje. Baadaye rais wa shirikisho akalazimika kumfutia adhabu. Ni utani wa kabila gani huo, ambao mtani akijibu anafukuzwa uwanjani?