Usiliruke Swali la Uwezekano: Orodhesha Kwanza



Ukimuuliza mwanafunzi wa kidato cha nne ni mada gani ataikimbia kwenye chumba cha mtihani, mara nyingi atataja uwezekano kabla hujamaliza kuuliza. Atakuambia kwamba ile ni mada ya kubahatisha. Mimi nasema si kweli, na ningependa ubishane nami ukiwa na kalamu mkononi. Katika Hisabati ya kidato cha nne ni vigumu kupata mada inayodai vitu vichache kama hii: kuhesabu, kurahisisha sehemu, na uvumilivu wa kuandika kila kinachoweza kutokea. Wanaoanguka wengi wameanguka kwa sababu walikariri lini wajumlishe na lini wazidishe, kabla ya kujua wanahesabu nini.

Chukua sarafu mbili za shilingi 200. Upande mmoja kuna Karume, upande wa pili kuna simba. Ukizirusha zote mbili, kuna uwezekano gani wa kupata Karume mmoja na simba mmoja? Wengi hujibu theluthi moja, kwa hoja kwamba matokeo ni matatu: Karume wawili, simba wawili, au mchanganyiko. Sasa andika: KK, KS, SK, SS. Ni manne, na mchanganyiko umetokea mara mbili. Jibu ni 2/4, yaani nusu. Usione aibu kama ulikosea. Mwaka 1754 d'Alembert, mmoja wa wanahisabati wakubwa wa Ufaransa, aliandika kwamba ukirusha sarafu mara mbili, uwezekano wa kupata kichwa angalau mara moja ni 2/3. Alihesabu matokeo matatu ambayo hayakuwa na uzito sawa. Angeandika yote manne angeona ni 3/4.

Kosa hilohilo hujirudia kwenye dadu mbili. Jumla zinaanzia 2 hadi 12, ziko kumi na moja, basi mtahiniwa anaandika 1/11 kwa kila jumla. Chora jedwali la mistari sita na safu sita. Jumla ya 2 imo kwenye kijumba kimoja tu kati ya 36. Jumla ya 7 imo kwenye vijumba sita. Kuna walimu watakaokuambia jedwali linapoteza muda. Mtihani ni wa saa tatu, jedwali hilo halimalizi dakika tano, na likishachorwa linajibu vipengele vyote vya swali. Muda unaopotea ni ule wa kufuta na kuanza upya.

Nije nyumbani, kwenye mpunga. Una punje tano za mbegu kwenye kiganja: tatu za saro na mbili za supa. Unachukua mbili bila kuangalia, bila kurudisha ya kwanza. Kuna uwezekano gani zote mbili ziwe saro? Zipe punje namba: saro 1, saro 2, saro 3, supa 1, supa 2. Ukijali ipi ilitangulia, njia ni 5 × 4 = 20, na zenye saro tupu ni 3 × 2 = 6. Jibu ni 6/20, yaani 3/10. Usipojali ipi ilitangulia, jozi ni 10, na za saro tupu ni 3. Jibu ni lilelile. Hatari iko katikati: mtahiniwa anahesabu juu bila kujali mpangilio, anapata 3, kisha anahesabu chini kwa kuujali, anapata 20, na anaandika 3/20 kwa mkono usiotetemeka. Chagua njia moja uishike juu na chini.

Na kama punje ya kwanza inarudishwa kiganjani? Hapo ni 3/5 × 3/5 = 9/25. Neno moja la swali limebadilisha jibu, na swali lenyewe limeandikwa kwa Kiingereza. Ndiyo maana nakushauri ulisome mara mbili, kisha ujiulize kwa Kiswahili, polepole: hii punje imerudi au haijarudi? Karatasi inataka jibu lako kwa Kiingereza. Haijakukataza kufikiri kwa lugha uliyonayo.

Kuzidisha kuna masharti yake pia. Matokeo ya sarafu ya kwanza hayaiambii chochote ya pili. Mvua haiko hivyo. Aliyekaa Ifakara wakati wa masika, akaona mto Lumemo ukipanda, anajua kwamba mvua ya leo na ya kesho si sarafu mbili. Mbingu ikishafunga, kesho yake nayo hubadilika. Kwenye mchoro wa mti, matawi ya pili yanaandikwa namba mpya kulingana na kilichotokea kwenye matawi ya kwanza, kama zile punje ambazo hazikurudishwa.

Utaniuliza haya yote yanamsaidia nani nje ya mtihani. Jibu liko wilayani kwetu. Mwaka 1994 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha matokeo ya jaribio la chanjo ya malaria iitwayo SPf66, iliyobuniwa na Manuel Patarroyo wa Kolombia. Jaribio lilifanyika Idete, hapa Kilombero, kwa watoto 586 wenye umri wa mwaka mmoja hadi mitano. Waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine wakapewa chanjo, wengine sindano isiyo na kinga yoyote.

Kwa nini watoto wengi hivyo? Tuseme kila mtoto anapangiwa kundi kwa kurusha sarafu. Wakiwa watatu, andika: CCC, CCB, CBC, BCC, CBB, BCB, BBC, BBB. Matokeo ni manane, na katika mawili watoto wote wameangukia kundi moja. Hiyo ni robo nzima, na hapo hakuna wa kulinganishwa naye. Wakiwa kumi, ni 2 kati ya 1,024. Kadiri unavyoongeza idadi, bahati inakosa pa kujificha.

Hata hivyo haikukosa kabisa. Chanjo ilionekana kupunguza malaria kwa asilimia 31, lakini watafiti waliandika wazi kwamba kinga ya kweli ingeweza kuwa popote kati ya 0 na 52. Majaribio yaliyofuata Gambia na Thailand hayakuonyesha kinga ya kutegemewa, na chanjo ile ikaachwa. Ilichukua hadi 2021 Shirika la Afya Duniani kupendekeza chanjo nyingine, RTS,S, ambayo ilikuwa imejaribiwa pia Bagamoyo na Korogwe. Mzazi ambaye mtoto wake ana homa usiku hataki kusikia habari ya 0 hadi 52. Lakini kama hesabu ile ingeandikwa 31 peke yake, watoto wengi wangechomwa sindano wakidhaniwa wamekingwa.

Wapo wenzako wanaoifanya hesabu hii kinyume, kwenye mkeka wa mechi. Sheria hairuhusu kamari kwa aliye chini ya miaka 18, lakini tuache sheria, tuhesabu. Mechi kumi, na tukufanyie upendeleo tuseme kila moja una nusu ya kupatia. Ni ½ ikizidishwa mara kumi: 1/1,024. Mchoro wa mti wenye ncha 1,024 hautoshi kwenye daftari, na hapo ndipo kuzidisha kunapokuja kukusaidia. Ila anza na mechi mbili, halafu tatu, uone 4 inavyokuwa 8, ili ujue ile kanuni imetoka wapi.

Kabla hujafungua ukurasa wa maswali, chukua punje zile tano. Safari hii toa tatu bila kurudisha. Kuna uwezekano gani upate saro mbili na supa moja? Ziandike zote, ni makundi kumi tu. Ukipata 3/5, endelea. Ukipata kingine, angalia kama juu na chini umehesabu kwa njia moja.