Mwanga Usiojitosheleza Kuwa Ushahidi

Picha za kromosomu zenye rangi za buluu, kijani na nyekundu zimezoeleka mno katika machapisho ya sayansi ya viumbe, kiasi kwamba ni rahisi kusahau kuwa DNA, molekuli inayobeba maelekezo ya urithi, na RNA, ambayo hunakili maelekezo hayo na kuyafikisha mahali protini zinapoundwa, hazina rangi yoyote inayoonekana kwa jicho la binadamu. Uzi wa DNA una upana wa nanomita 2 hivi, ilhali hadubini ya kawaida ya mwanga hushindwa kutenganisha vitu vilivyokaribiana kwa chini ya nanomita 200. Kinachoonekana katika picha hizo, kwa hiyo, ni mwanga wa molekuli nyingine ambayo mtafiti ameibandika juu ya DNA au RNA, au ameipachika ndani yake. Toleo hili linahusu ubandikaji huo, na hoja ya mhariri ni kwamba alama inayong'aa ni dai la kikemia linalopaswa kuthibitishwa kama dai jingine lolote, hata pale linapotolewa na mashine ambayo mtumiaji wake hana sababu ya kuifungua.

Mng'ao huu, uitwao fluoresensi, ulielezwa mwaka 1852 na George Gabriel Stokes, mwanafizikia wa Cambridge, ambaye miongoni mwa vitu alivyovichunguza ulikuwamo mmumunyo wa kwinini, dawa ile ile ya malaria. Mmumunyo huo ukipigwa na miale ya urujuanimno, ambayo jicho haliioni, hutoa mwanga wa buluu; na mwanga unaotoka kwa kawaida huwa na urefu wa wimbi mkubwa kuliko ule ulioingia, kwa sababu sehemu ya nishati hupotea ndani ya molekuli kabla ya mwanga kutolewa. Tofauti hiyo ndiyo inayowezesha hadubini kuuzuia kwa chujio mwanga unaomulika sampuli na kuupitisha ule tu unaotoka kwenye alama. Fluoresini, rangi iliyotengenezwa na Adolf von Baeyer mwaka 1871 na ambayo bado inatumika, humeza mwanga wa nanomita 495 hivi na kutoa mwanga wa kijani wa nanomita 520 hivi.

Kabla ya rangi hizi kuenea, wanasayansi walizitambulisha DNA na RNA kwa mionzi. Fosforasi-32, ambayo nguvu yake hupungua kwa nusu kila baada ya siku 14 hivi, iliwekwa ndani ya molekuli na kuachwa ichome filamu ya picha. Na mwaka 1969 Joseph Gall na Mary Lou Pardue walitumia tritiamu, aina ya hidrojeni yenye mionzi, kuonyesha mahali jeni fulani zinapokaa ndani ya seli. Msingi wa njia yao ni ule unaotumika hadi leo: kwa kuwa besi za DNA hupatana kwa mpangilio usiobadilika, adenini na thimini, guanini na sitosini, kipande kifupi kilichotengenezwa kwa mfuatano unaojulikana, kiitwacho kichunguzi, kitakwenda kujishikiza kwenye mfuatano unaolingana nacho na kuufichua ulipo. Ila mtafiti wa mionzi alilazimika kusubiri majuma, mara nyingine miezi, kabla ya kuiona picha. Kuanzia mwaka 1980 maabara za Uholanzi na Marekani zilianza kuondoa mionzi na kuweka rangi, na mwaka 1986 kundi la Leroy Hood na Lloyd Smith huko California likaonyesha kwamba rangi nne tofauti zinaweza kusomesha mashine besi nne za DNA katika mkondo mmoja, njia ambayo bila yake ramani ya jeni za binadamu isingetangazwa kukamilika mwaka 2003.

Historia ya rangi zenyewe inaigusa Afrika Mashariki kwa namna ambayo vitabu vya maabara havina desturi ya kuieleza. Ethidiamu, ambayo kwa miongo mingi imekuwa rangi ya kwanza ambayo mwanafunzi wa baiolojia ya molekuli hukutana nayo, iliingia duniani ikiwa dawa ya mifugo: chini ya jina la homidiamu imetumika tangu miaka ya 1950 kuwatibu ng'ombe wenye nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, kwa kipimo cha karibu miligramu 1 kwa kila kilo ya uzito wa mnyama. DAPI, rangi inayovipa viini vya seli ule mng'ao wa buluu, nayo ilitengenezwa mwaka 1971 katika maabara ya Otto Dann nchini Ujerumani wakati wa kutafuta dawa za vimelea hao hao wa jamii ya tripanosoma, ambao kwa binadamu huleta malale. Hilo si sadfa tupu. Tripanosoma ana fungu kubwa la DNA nje ya kiini chake, liitwalo kinetoplasti, na molekuli inayoikamata DNA kwa nguvu humvuruga pale alipo dhaifu. Ethidiamu hujipenyeza katikati ya besi za uzi wa DNA, na ikishakaa humo mng'ao wake huongezeka mara 20 hivi. Kupenya huko huko ndiko kunakomdhuru kimelea, na ndiko kunakomfanya mhudumu wa maabara avae glavu kabla ya kuigusa. Inashangaza kidogo kwamba kitu ambacho mfugaji amewadunga ng'ombe wake kwa miaka mingi hukusanywa katika maabara kama taka ya hatari, lakini mshangao huo una funzo la kikemia: alama haiiangalii DNA kutoka mbali, bali huishika, huitanua na kuibadilisha.

Kutokana na hilo, swali la kwanza kwa picha yoyote ya fluoresensi ni alama imeshika nini. Rangi kama SYBR Green, inayotumika sana katika PCR, yaani njia ya kuzidisha kipande cha DNA mara mamilioni, hung'aa ikikutana na DNA yoyote ya nyuzi mbili, pamoja na vipande visivyotakiwa vinavyoundwa pale viasilisho vya PCR, vile vipande vifupi vinavyoanzisha unakili, vinapojishikiza vyenyewe kwa vyenyewe. Klorofili ya jani la muhogo au la mkahawa hutoa mwanga mwekundu bila kubandikwa chochote, na mtafiti wa virusi vya mimea asiyepiga picha ya jani lisilo na kichunguzi anaweza kuchapisha klorofili akidhani ni kirusi. Rangi nazo hufifia zikimulikwa kwa muda mrefu, hivyo doa hafifu huenda likawa na maana ya RNA chache au ya sampuli iliyokaa mno chini ya taa.

Mfano ulio wazi zaidi wa uzito wa swali hilo ni kipimo cha kifua kikuu cha Xpert MTB/RIF, ambacho Shirika la Afya Duniani lilikiidhinisha Desemba 2010 na ambacho kilijaribiwa, miongoni mwa nchi nyingine, nchini Uganda. Ndani ya katriji yake mna vichunguzi vitano, kila kimoja na rangi yake, vilivyokunjwa hivi kwamba rangi inazimwa mpaka kichunguzi kifunguke kwa kushikana na DNA ya bakteria; kwa pamoja vinafunika besi 81 za jeni iitwayo rpoB. Makohozi yakiwa na bakteria wa kawaida, rangi zote tano huwaka. Ikiwa besi imebadilika kwa namna inayoleta usugu dhidi ya dawa ya rifampisini, kichunguzi kinachohusika hakishikani vizuri, na rangi yake huchelewa au haitokei kabisa. Hapo giza ndilo jibu. Katika muda usiofika saa mbili mgonjwa anajua jambo ambalo zamani lilihitaji majuma ya kuotesha bakteria, na hakuna sababu ya kulidharau fanikio hilo. Lakini nchini Eswatini watafiti walikuta kwamba sehemu kubwa ya wagonjwa wenye kifua kikuu sugu walikuwa na bakteria ambao badiliko lao la rpoB liko nje kidogo ya zile besi 81. Kwa wagonjwa hao rangi tano ziliwaka kama kawaida, na mashine ikasema dawa itafanya kazi. Mashine haikuharibika, ilijibu sawasawa swali ambalo halikuwa la wagonjwa wale.

RNA ina ugumu wake, kwa kuwa huoza haraka na vimeng'enya vinavyoikata vimo hata kwenye ngozi ya mkono, ingawa mbinu ya kuibandika kila nakala moja vichunguzi vidogo kadhaa, ili mahali vinapokusanyika pang'ae kuliko kichunguzi kimoja kilichopotea njia, imepunguza shaka kwa kiasi kikubwa.

Wapo wanaosema kwamba mjadala huu unaelekea kupitwa na wakati, kwa sababu mashine za kisasa zinazosoma DNA kwa kuipitisha kwenye kitundu na kupima mabadiliko ya umeme hazihitaji rangi. Hoja hiyo ina ukweli kuhusu usomaji wa mfuatano, lakini haigusi swali la mahali jeni inapofanya kazi ndani ya tishu, wala haiondoi maelfu ya vipimo vya rangi vinavyofanyika kila siku katika hospitali za ukanda huu kwa katriji na vitendanishi vilivyobuniwa kwa kutumia sampuli za kwingine. Maabara inayonunua kichunguzi bila kuujua mfuatano wake imenunua pia mipaka yake. Miongozo ya MIQE ya mwaka 2009 kuhusu kuripoti PCR ilikwisha kuhimiza uwazi huu, na bado makala zinazoletwa kwa mhariri zinataja jina la kifurushi na kampuni, kisha zinanyamaza.

Kwa hiyo, kuanzia toleo lijalo, jarida hili halitachapisha picha au mkondo wa fluoresensi wa DNA au RNA usioambatana na mfuatano wa kichunguzi, jina la rangi, urefu wa wimbi uliotumika, na matokeo ya sampuli mbili za udhibiti, moja isiyobandikwa chochote na nyingine isiyo na mfuatano unaolengwa. Pale ambapo mtengenezaji amekataa kuutoa mfuatano, waandishi wataombwa waseme hivyo ndani ya makala, ili msomaji ajue ni nani anayemficha.