Mchambuaji wa vitunguu na miezi 180

Katika soko la vitunguu la Misuna, mjini Singida, kina mama huchambua na kufungasha mizigo kwa ujira wa siku. Hawana mwajiri wa kuwaandikisha wala wa kuwawekea mchango.

Sheria haikuwasahau. Tangu mifuko ya hifadhi ya jamii iunganishwe mwaka 2018, NSSF ndiyo inayowahudumia wa sekta binafsi na waliojiajiri. Ugumu umo katika hesabu: pensheni ya uzeeni yahitaji michango ya miezi 180, yaani jumla ya miaka 15. Achangiaye miezi minne tu ya msimu kila mwaka ataifikia baada ya miaka 45. Basi na aanze kazi akiwa na miaka 15, umri ambao tungependa awe darasani!

Kwa hiyo karani wa uandikishaji na aonekane sokoni wakati wa mavuno, fedha zikiwa mkononi, amweleze mama huyo jinsi ya kulipia mapema miezi ya ukame. Wa Mkalama au Itigi asitumie nauli inayozidi mchango wenyewe kwa ajili ya kusahihisha herufi moja ya jina.

Jambo jingine ni la nyumbani. Wako waume wanaochangia kwa siri. Siku ya msiba, mjane hajui hata namba ya uanachama, na majina ya watoto hayamo katika kumbukumbu za mfuko. Karani na aulize majina ya wategemezi siku ileile ya kwanza, wake wote na watoto wote.